Sumaku haitoshi: majibu kwa wasomaji wenye sarafu za silva za enzi za mkoloni

Mwezi huu barua nyingi ni za sarafu. Watu wamefungua masanduku ya wazee wakapata vitu, na kabla hata hawajajua wameshika nini, tayari kuna mtu mlangoni anataka kununua ama kuuza. Nimechukua chache nizijibu vizuri, kwa sababu naona watu wetu wanaumizwa kwa hii mambo na inaniuma.

Habari ya kazi mhariri. Marehemu babu alifanya kazi ya reli hapa Kisumu, na nyanya amekaa na sarafu yake kwa kitambaa miaka yote, juzi akanipea. Upande mmoja kuna mzungu mwenye upara na ndevu, imeandikwa EDWARD VII KING & EMPEROR, upande ule mwingine ONE RUPEE INDIA 1907 na maandishi kama ya Kiarabu. Nikaipeleka kwa mtu mjini ananunua vitu vya zamani, akaweka sumaku akasema haishiki kwa hivyo si silva, ni chuma cha bure, ati anipe mia mbili tu ndio nisirudi mkono mtupu. Nikakataa. Sasa hii kitu ni ya kweli ama ni feki? — Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Kwanza pole, na pongezi kwa kukataa. Huyo mtu alikuambia kitu kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Silva haivutwi na sumaku, haijawahi na haitawahi. Kama sarafu yako ingeruka na kushika kwa sumaku, hapo ndio ningekwambia ndugu yangu, hii ina chuma ndani, achana nayo. Kwa hivyo mtihani aliokupa uliupita, na aidha hajui kazi yake au anaijua vizuri sana.

Lakini usishangilie bado. Shaba pia haivutwi, risasi (ile madini laini nzito, sio ya bunduki) haivutwi, ile madini nyeupe ya vijiko vya zamani haivutwi. Sumaku inafukuza feki za chuma peke yake, haikwambii yaliyobaki ni silva. Inabidi uendelee mbele.

Nikwambie kwanza kwa nini rupia iko Kisumu, maana wengi wanashangaa pesa ya India ilifika vipi ziwani. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika hapa, wakati huo wakiita Port Florence, Disemba 1901, na wajenzi zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India. Walilipwa kwa rupia, maduka yao yakauza kwa rupia, serikali ya mkoloni ikakusanya kodi ya nyumba kwa rupia, na hiyo ndio ilikuwa pesa yetu rasmi mpaka 1920. Kwa hivyo rupia ya 1907 kwa sanduku la mtu wa reli Kisumu ni kitu cha kawaida kabisa, haina maajabu, na hiyo ni dalili nzuri. Feki nyingi zinakuja na hadithi ngumu, yako imekuja na hadithi rahisi. Lakini hadithi haipimwi kwa mizani, tupime sarafu yenyewe.

Rupia ya silva ya India, kuanzia ya Malkia Victoria, ikaja ya Edward (yake ni ya 1903 hadi 1910), mpaka zile za George wa tano, ilitengenezwa na uzito wa gramu 11.66, na silva yake ni asilimia 91.7, hiyo ingine ni shaba ya kuipa ugumu. Kipenyo ni kama milimita 30 na nusu. Hizo namba zishike. Tafuta mizani inayosoma mpaka nukta mbili za gramu, sio ile ya dukani ya kupimia sukari, hiyo haitakusaidia chochote. Sonara anayo, na kama huna sonara unayemwamini nenda kwa mwalimu wa kemia shule ya upili iliyo karibu umwombe kwa heshima akupimie maabara, wengi watakubali na hata watafurahia.

Sarafu iliyopita mikono ya watu miaka mingi hupungua kidogo, kwa hivyo ukisoma 11.5 au hata 11.4 usiwe na shida kama inaonekana imelika. Ukisoma 10 na kitu, na haijatobolewa wala haijakatwa pembeni, hapo kuna neno. Na ikizidi, tuseme 12, pia kuna neno, maana sarafu haiongezeki uzito kwa kuzeeka, isipokuwa mtu aliichomelea kishikio ya kuvaa shingoni na mabaki ya risasi bado yako.

Alafu angalia kwa macho, na hapa usiwe na haraka. Toka nje kwa mwanga wa asubuhi, uwe na lenzi ya kukuza ama hata kamera ya simu ukivuta karibu. Anza na ukingo. Rupia ina meno madogo madogo yamezunguka ukingo wote, yamesimama sawasawa. Sarafu ya ukweli ilipigwa na mashine kwa nguvu mara moja, kwa hivyo meno yanakuwa makali na yamejaa. Feki nyingi zinamiminwa kwa kalibu, na kalibu ina pande mbili, kwa hivyo utaona mstari mwembamba umezunguka katikati ya ukingo pale pande zilikutana, au utaona mahali mtu amepiga tupa kuuficha na meno yamekufa hapo. Ukiona huo mstari huna haja ya kuendelea.

Toka ukingoni uje usoni. Kwa rupia yako Edward hana taji, kichwa wazi, anaangalia kulia. Angalia ule uwanja mtupu kati ya uso na maandishi. Kwa sarafu iliyopigwa unakuwa laini, hata kama una mikwaruzo. Kwa ya kumiminwa utaona vishimo vidogo kama vipovu na ngozi yake imekuwa kama ya mchangamchanga, na herufi zimevimba hazina kona. Sasa angalia imelika wapi. Sarafu ya kweli inalika mahali palipoinuka: nywele juu ya sikio, shavu, ndevu, na upande wa pili ile taji iliyo juu. Mahali palipozama panabaki na uchafu mweusi wa miaka. Ukikuta imelika sawasawa kila mahali, juu na chini, ujue ilinakiliwa kutoka kwa sarafu iliyokuwa tayari imelika. Na kama pale palipolika panatoa rangi ya manjano ama nyekundu, ni shaba iliyopakwa silva juu.

Sauti pia inasema. Iweke juu ya ncha ya kidole iwe imetulia, uiguse pembeni na penseli. Silva inalia wembamba na sauti inakaa, inaenda ikiisha pole pole. Risasi na feki nyingi za kumiminwa zinafanya tak, basi. Tafadhali usiirushe kwa simiti vile wanaume wa sokoni wanafanya, unaharibu ukingo na ukingo ndio ushahidi wako. Na ujue sarafu ya kweli yenye ufa mdogo pia hailii vizuri, kwa hivyo usihukumu na sauti peke yake.

Mtihani wenye mimi naamini kuliko yote ya nyumbani ni wa maji, na unahitaji ile mizani ile ile. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ibonyeze irudi sufuri. Funga sarafu na uzi mwembamba wa kuvulia samaki, hapo Kisumu hautakosa, uishushe mpaka izame yote lakini isiguse chini wala pembeni, unaishikilia tu ikining'inia. Itikise kidogo vipovu vitoke. Mizani itasoma namba ndogo. Chukua uzito wa sarafu ugawanye na hiyo namba. Rupia ya kweli ya gramu 11.66 itakuonyesha kama 1.13 kwa maji, ukigawanya unapata karibu 10.3. Ile madini nyeupe ya vijiko, hata wakiitengeneza na uzito ule ule, itasoma kama 1.34, ukigawanya unapata 8.7 hivi. Risasi tupu inapanda zaidi ya 11. Unaona vile feki inabanwa: akipata uzito anakosa unene, akipata unene anakosa uzito. Kupata vyote viwili na madini rahisi ni ngumu sana. Rudia kupima mpaka namba zikubaliane, kwa sababu mkono ukitetemeka ama uzi ukiwa mnene namba inaruka.

Kwa hayo uliyoniandikia, sura, maneno na mwaka vinapatana, na imetoka mahali inafaa kutoka. Ikipita uzito na maji mimi nitaiita ya kweli bila wasiwasi. Na hata kama ni ya mwaka wa kawaida usio adimu, ina silva safi kama gramu 10.7 ndani yake. Uliza bei ya gramu ya silva ya siku hiyo uzidishe mwenyewe, alafu uone hiyo mia mbili ilikuwa nini.

Mhariri, kijana wangu ameingia kwa grupu ya WhatsApp ya kununua sarafu za kale. Kuna moja amenunua elfu nane, imeandikwa EAST INDIA COMPANY ONE ANNA 1818 na ina picha za miungu ya Kihindi. Wanamwambia kuna mnunuzi Dubai atalipa mamilioni lakini kwanza atume elfu kumi na tano ya cheti. Ati pia inavuta mchele. Nifanye nini? — Mama, Bondeni, Nakuru

Mama, hiyo elfu kumi na tano isitoke. Kama bado hajatuma, mkalishe chini leo, umsomee hii jibu.

Kampuni ya East India, ile ya Waingereza iliyotawala India, haikutengeneza anna (sarafu ndogo ya India) ya 1818 yenye miungu. Hivyo vitu vya 1616, 1717, 1818, 1839 vyenye Hanuman, Ram na Sita, Lakshmi, ni hirizi na vikumbusho vya hekaluni, vingine vimetengenezwa juzi tu kwa soko la watalii, na vinauzwa kwa kilo huko India. Kampuni ilianza kupiga rupia moja ya aina moja kwa nchi yote mwaka wa 1835, ikiwa na kichwa cha mfalme William wa nne, na kuanzia 1840 ikaja ya Victoria. Kuanzia hapo sarafu zake za silva zina kichwa cha mtawala na thamani imeandikwa. Hakuna mungu amesimama pale.

Hiyo ya mchele nataka niisemee wazi. Hakuna sarafu duniani inavuta mchele. Silva haivuti, shaba haivuti, dhahabu haivuti. Kwa hizo video kuna sumaku chini ya meza na vyuma vidogo vimechanganywa na mchele, ama mchele wenyewe umepakwa unga wa chuma. Nimeona wazee wa heshima, watu wamesomesha watoto, wakiuza ng'ombe kwa sababu ya hiyo video.

Na angalia vile mtego umewekwa, mama, ndio ujue kuutambua ukirudi na sura ingine. Mnunuzi yuko mbali. Bei ni kubwa hata haiingii akilini. Kuna ada kidogo ya kwanza: cheti, usajili, wakili, mashine ya kupima. Ukilipa hiyo inakuja ingine. Na kuna haraka, kesho mnunuzi anasafiri. Mnunuzi wa kweli wa sarafu hakuombi pesa. Yeye ndio anakupa, baada ya kuipima mbele yako.

Pesa zikishatumwa kwa simu piga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu mara moja uombe zizuiwe, dakika zinahesabika hapo, alafu upige ripoti polisi ukiwa na namba na jumbe zote, msifute kitu. Zile elfu nane za kwanza sitakudanganya kwamba zitarudi. Na kijana msimwaibishe mbele ya watu, maana wenye kuaibishwa ndio hurudi kwa siri kujaribu kurudisha hasara.

Mimi ni fundi wa jua kali, watu wananiletea shilingi za simba za mkoloni nizitengenezee pete wakisema ni silva safi. Zingine ni ngumu sana na hazikai kama silva kwa moto. Ni feki? — Fundi, Kakamega

Fundi, si feki, ila si silva safi. Hii imechanganya watu wengi kwa hivyo nitaieleza polepole.

Baada ya vita ya kwanza bei ya silva ilipanda sana, thamani ya rupia ikavurugika, na mkoloni akaamua kuachana nayo. 1920 akaleta florini ya East Africa, imeandikwa ONE FLORIN, ina uzito ule ule wa rupia wa gramu 11.66 lakini silva imeshushwa mpaka nusu. Hiyo florini haikukaa hata kidogo, ndio maana kuipata ni bahati. Ikafuata shilingi, za kwanza zimeandikwa 1921, gramu 7.78, milimita 27.8 upana, zina simba na milima nyuma yake. Na silva yake ni robo tu, asilimia 25. Robo tatu zilizobaki ni madini ingine, ndio unaiona ngumu kwa moto.

Alafu kuna za kuanzia 1948 hadi 1952. Hizo hazina silva hata chembe, ni shaba na nikeli. Simba ni yule yule, milima ile ile, kwa hivyo watu wanaziweka pamoja. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kusoma upande wa mfalme. Zile za silva zimeandikwa IND IMP kwa jina la mfalme, yaani mtawala wa India. India ilipopata uhuru 1947 hilo jina likatolewa. Kwa hivyo ukiona IND IMP, mwaka ni 1946 kurudi nyuma, kuna robo ya silva. Usipoiona, hakuna silva. Kusoma tu kunatosha, na ule mtihani wa maji niliomweleza ndugu wa Nyalenda uuache, kwa robo ya silva tofauti na nikeli ni ndogo itakusumbua bure.

Na mtu akikuletea shilingi ya simba yenye kichwa cha Edward wa nane, mrudishie. Huyo mfalme alikaa 1936 pekee, na kwa East Africa jina lake liko kwa senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati, bila kichwa chake. Hizo za tundu ni za shaba, ni nyingi, na si silva hata kama watu wanaziulizia kwa sababu ya jina.

Ombi moja fundi. Kabla ya kuyeyusha angalia mwaka na maandishi. Shilingi robo silva inakupa chini ya gramu mbili za silva, na ukiyeyusha florini ya 1920, ama zaidi ile ya 1921, umeharibu kitu ambacho kikiwa kizima kingelipwa vizuri kuliko pete. Za senti 50 na senti 25 zenye maneno EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES pia ziangalie sana, hizo ni silva asilimia 80 na ni ndogo ndogo, watu wanazidharau.

Mjomba aliendesha lori kwenda Moyale miaka mingi, alituachia sarafu kubwa nzito ina mwanamke mnene wa kizungu na mwaka 1780. Miaka zaidi ya mia mbili! Tunaweza kununua shamba? — Mwanafunzi, Maseno

Mwanangu, hapana kwa shamba, lakini mna kitu kizuri. Huyo mama ni Maria Theresa wa Austria, na 1780 ni mwaka aliofariki. Watu wa Ethiopia, Uarabuni na pwani ya bahari nyekundu waliipenda hiyo sarafu yake wakakataa ingine, basi watawala wakaendelea kuipiga na mwaka ule ule 1780 bila kubadilisha, Vienna, alafu London, Bombay, Rome na kwingine, na Vienna wanaipiga hata leo. Kwa hivyo 1780 haikwambii umri. Yako inaweza kuwa ya miaka ya 1930, na bado ni ya kweli, ni silva asilimia 83.3.

Ipime: gramu 28.07, upana kama milimita 40. Kwa maji mtapata karibu 10.2 mkigawanya. Ukingo wake hauna meno ya kawaida, una maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yametenganishwa na mapambo. Feki nyingi zinaanguka hapo, ukingo uko mtupu ama herufi zimekuwa kama minyoo. Ikipita, mna zaidi ya gramu 23 za silva safi kwa sarafu moja. Hiyo inalipa karo kidogo, na mimi ningesema muiweke tu.

Babu alichukuliwa vita ya Mjerumani kubeba mizigo, akarudi na rupia mbili zenye mzungu amevaa kofia ya ndege juu. Moja imeandikwa 1892. Kuna mtu anasema za Kijerumani zote ni feki siku hizi. — Msomaji, Siaya

Si zote. Wabeba mizigo wengi sana walitoka Nyanza kwenda Tanganyika kuanzia 1914, wengi hawakurudi, na wale walirudi walikuja na vitu kama hivyo. Mimi hizo ningezishika kwa mikono miwili hata kabla ya kujua bei.

Huyo wa kofia ni Kaiser Wilhelm wa pili, mtawala wa Ujerumani, na ndege ni tai. Rupia ya 1892 inapaswa kuwa na jina la kampuni ya Kijerumani iliyoitoa, DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, na ngao yenye simba mbele ya mnazi. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ndio ilipiga, jina la kampuni likaondoka, ikabaki DEUTSCH OSTAFRIKA na 1 RUPIE, na herufi ndogo A ya Berlin au J ya Hamburg. Ukikuta 1892 na maneno ya DEUTSCH OSTAFRIKA bila kampuni, ama 1911 na simba na mnazi, huyo aliyetengeneza hakusoma historia. Uzito ni ule ule wa rupia ya India, 11.66, na silva ile ile, kwa sababu Mjerumani alitaka zitembee pamoja sokoni. Kwa hivyo mitihani yote niliyoeleza juu inafanya kazi hapa, uzito, ukingo, maji.

Zinazofanyiwa feki sana ni mbili. Kuna rupia mbili kwa sarafu moja, 2 RUPIEN za 1893 na 1894, kubwa na adimu. Na kuna ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, iliyopigwa Tabora 1916 wakati wa vita. Mtu akikupea mojawapo ya hizo kwa bei ya huruma kando ya barabara, endelea na safari yako.

Yangu imekuwa nyeusi kabisa. Naweza kusugua na dawa ya meno ama steel wool ing'ae mnunuzi aipende? — Bungoma

Usisugue! Hata jivu, hata ndimu. Ule weusi ni silva imekutana na hewa yenye salfa, ni ngozi yake ya miaka, na anayejua kununua anaitafuta hiyo ngozi kwa sababu ni ngumu kuigiza. Ukiisugua unatoa ile ngozi pamoja na sehemu ya uso, inabaki na mikwaruzo, na bei inaanguka siku hiyo hiyo. Kama kuna udongo, iloweke kwa maji safi, uigonge kwa kitambaa laini ikauke. Inatosha.

Nikishajua ni ya kweli nauza wapi bila kuibiwa, na niiweke vipi kabla? — Msomaji, Njoro

Enda kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, na usimwambie wa pili yule wa kwanza alisema ngapi. Sonara atakupa bei ya silva pekee, hiyo iwe bei yako ya chini. Mkusanyaji wa sarafu atalipa zaidi kama mwaka ni adimu. Mashine ya mionzi ya kupima madini bila kukwaruza wako nayo masonara wakubwa, omba ipimwe ukiwa umesimama pale na upewe karatasi. Tindikali usikubali, inaacha alama. Sarafu isitoke machoni pako ikaingia chumba cha nyuma, hapo ndio hubadilishwa.

Kama ni ya zamani sana, ujue sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekwambia muitume Dubai kimya kimya anakuingiza kwa shida. Kama mmefukua chungu kizima shambani msigawane kwanza, pigeni picha vile kilivyo mkaulize makumbusho, Kisumu wako pale barabara ya Nairobi.

Kuiweka ni rahisi. Plastiki laini ya kunata inaacha ute wa kijani, kwa hivyo tumia bahasha ndogo ya karatasi kavu, kila sarafu na yake zisigongane, na uishike kwa ukingo sio kwa uso. Kabla hujaitia ndani andika juu ya bahasha mwaka, uzito uliopima, na ilitoka kwa nani.